Damu Isikununie

Ukipangiwa kazi ya maabara Rungwa, huko wilayani Manyoni, kwenye barabara inayotoka Itigi kwenda Makongolosi, watu watakuonya juu ya mbung'o na tembo wa Pori la Akiba. Wasikilize. Mimi nakuonya juu ya kiumbe mwingine, mwepesi zaidi wa hasira: damu iliyomo ndani ya kichupa. Ikikosewa adabu haigombi, inanuna. Na ikinuna inasema uongo, mashine inauandika uongo huo kwa tarakimu safi, na mama mjamzito anarudi nao nyumbani.

Anza na mwenye damu. "Shikamoo bibi, karibu kiti" ni hatua ya kimaabara kabisa. Mtu aliyesimama muda mrefu hupoteza sehemu ya majimaji ya damu yake, yanahamia nje ya mishipa, na hemoglobini inasomeka juu kidogo kuliko akiwa amepumzika. Mkalishe, mwache apumue. Babu akiuliza, "Mjukuu wangu, hiyo damu mnaipeleka wapi?", usicheke. Hofu ya mumiani imekaa nchini kabla ya maabara yako. Mwonyeshe kichupa, mwambie mililita 3 hazijazi kijiko cha chai, mweleze itapimwa wapi na itateketezwaje. Swali lake ni halali, na jibu ni deni lako.

Sasa jina. Usiulize, "Wewe ndiye Maria?" Watu wetu wana adabu, wengine wataitikia ndiyo ili wasikuaibishe. Uliza, "Unaitwa nani, mama?" kisha andika kwenye kichupa palepale, damu ikishaingia na kabla hajainuka. Vichupa vinne visivyo na majina ni vya kumwaga vyote vinne, hata kama unakumbuka vizuri nani alikaa wapi.

Kwa kipimo cha kidole, chukua cha kati au cha pete, choma pembeni ya ncha, spiriti ikiwa imekauka. Asubuhi za Julai, upepo wa Singida ukiwa umegandisha vidole, pasha mkono joto kwanza. Futa tone la kwanza. Kisha ngoja la pili lijae lenyewe! Kidole si kiwele cha ng'ombe. Ukikikamua, unachanganya damu na majimaji ya kwenye nyama, na mtu anapungukiwa damu kwenye karatasi ilhali mwilini anayo.

Kwa damu ya mshipani, mpira wa mkononi usizidi dakika moja. Kichupa cha kipimo cha hemoglobini ni chenye kifuniko cha zambarau. Ndani yake mna EDTA, inayokamata kalsiamu ili damu isigande. Jaza hadi mstari, kisha kipindue taratibu mara 8 hadi 10. Usikitikise, seli zitapasuka. Usikisahau mezani ukapokee simu, damu itaganda. Na donge likitokea, hata dogo, usilitoe kwa kijiti ukaendelea na kazi. Seli zimenaswa humo. Rudi kwa mgonjwa, omba radhi, omba damu nyingine. Wala usihamishie damu ya zambarau kwenye kichupa chekundu ukidhani damu ni damu. EDTA hiyo huja na potasiamu, na majibu yatamtangaza mgonjwa kuwa yu mahututi wakati yuko nje ya dirisha anatafuna karanga.

Mashine ndogo ya mezani, inayosoma hemoglobini, isikupe kiburi. Mwaka 1900 daktari Tallqvist wa Ufini alidondoshea damu karatasini akalinganisha wekundu wake na rangi zilizochapwa. Jicho la adhuhuri na jicho la kibatari hayakukubaliana. Baadaye ukaja mwanga wa nanomita 540 kupita kwenye damu iliyogeuzwa kikemikali, na mwaka 1967 wataalamu wa kimataifa wa hematolojia wakapendekeza njia hiyo iwe kigezo. Mashine tulizonazo ni wajukuu wa kazi hiyo. Lakini vikuveti vyake, vile vyombo vidogo vya kupokelea damu, vina dawa inayoharibiwa na unyevu, kwa hiyo masika kopo lifungwe kila unapotoa kimoja. Kikuveti kijae kwa mara moja, bila kuongezea. Ukiona kiputo cha hewa, tupa, chukua kingine.

Kazi kubwa ni safari. Sampuli za vipimo vikubwa zinaweza kulazimika kufuata njia hadi hospitali kama Mtakatifu Gaspar, Itigi, na kichupa cha zambarau kinataka kupimwa ndani ya saa 24. Tandaza damu kwenye kioo kabla gari halijaondoka, kwa sababu sura za seli huanza kuharibika baada ya saa chache. Barafu isiguse kichupa. Dereva asikiweke mbele juani. Kikifika, damu itakuwa imejitenga, maji juu, seli chini. Anayechota juu atapata mtu aliyeishiwa. Anayechota chini atapata mwenye damu ya watu wawili. Wote wawili ni mgonjwa yuleyule. Pindua tena, kila mara, hata kama ulipindua jana.

Utafiti wa afya wa taifa wa 2015–16 ulikuta upungufu wa damu kwa watoto 58 katika kila 100 wenye miezi 6 hadi 59, na kwa wanawake 45 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 49. Upungufu wa kweli tunao wa kutosha. Nakuomba usituongezee wa kutengenezwa na vidole vyako, wala usifiche uliopo.

Namba ikitoka, usiitangaze koridoni. Kwa mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita ya damu ni upungufu. Chini ya 7 ni mkali: rudia kipimo mara moja, kisha usingoje faili, ipeleke karatasi kwa muuguzi kwa miguu yako. Gari litafutwe kungali mchana. Chukua kichupa kingine cha kulinganisha kundi la damu, chenye jina lake na saa ya kuchota, na ndugu wawili wenye afya, walio tayari kuchangia, wapande naye.