Namna ya Kuiokoa Dunia ya Kati Ukiwa na Shemeji Zako

Kuleni kwanza. Sanduku la Journeys in Middle-earth, mchezo wa mezani uliotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Fantasy Flight Games ya Minnesota, Marekani, linasema mchezo mmoja huchukua dakika 60 hadi 120. Ndani ya dakika hizo hamna muda wa kubandua vipande vya karatasi ngumu, kugombania nani awe Legolas, wala kumweleza shangazi kwa mara ya tatu kwamba huyo Aragorn anayezurura porini na viatu vya matope ndiye mrithi wa ufalme. Mwenye njaa hapigani vizuri na maorki. Mwenye mafuta ya pilau vidoleni naye asiguse kadi, hata akiwa ndiye baba mwenye nyumba.

Mkishanawa, chagua kikosi. Wanaweza kucheza mtu mmoja hadi watano, na mashujaa wako sita: Aragorn, Legolas, Gimli, Bilbo, na wawili ambao hawakutoka kwa Tolkien, mtunzi wa Dunia ya Kati, bali kwa watengenezaji wa michezo, Beravor na Elena. Kila shujaa huchagua pia kazi: nahodha, mlinzi, mwindaji, mwanamuziki, mtafuta njia au mwizi. Shujaa yeyote anaweza kushika kazi yoyote. Hakuna kanuni inayomkataza Gimli, kibeti mwenye shoka na hasira, kuwa mwanamuziki, na nawasihi mjaribu angalau mara moja.

Jambo la kuwaambia wageni mapema ni kwamba hapa hamshindani. Kwenye bao na kwenye karata mnaketi mkitazamana. Hapa wote mnatazama upande mmoja, na mtashinda wote au mtashindwa wote. Shemeji aliyezoea kuondoka kila shughuli akiwa bingwa atauliza, "Sasa mimi namfunga nani?" Mjibu kwa upole kwamba adui yumo ndani ya kishikwambi.

Zamani adui alikuwa mtu. Mchezo wa Descent wa kampuni hiyo hiyo, uliotoka mwaka 2005 na kupata toleo la pili mwaka 2012, ulimtaka mmoja wenu aketi peke yake upande wa pili wa meza awe bwana wa giza, atege mitego na kuwaangusha mashujaa wa rafiki zake. Mansions of Madness ya mwaka 2011 nayo ilikuwa hivyo. Ilikuwa kazi nzito isiyo na shukrani: ndiye aliyesoma kitabu chote cha kanuni, ndiye aliyepanga meza, ndiye aliyehesabu majeraha ya kila zimwi, na akishinda, wenzake wananuna. Mwaka 2016 mambo yaligeuka. Toleo la pili la Mansions of Madness lilikuja na programu ya kishikwambi inayofanya kazi zote za bwana huyo, na Descent ikapata yake iitwayo Road to Legend. Bwana wa giza akaruhusiwa hatimaye kuvuta kiti na kukaa na watu. Journeys in Middle-earth imeufuata mkondo huo hadi mwisho, kwani bila programu haichezeki kabisa. Programu yenyewe ni ya bure. Sanduku ndilo lenye bei, na lilipotoka liliuzwa Marekani kwa karibu dola 100. Changeni, kama mnavyochangia harusi.

Programu ipakuliwe mapema, si wakati wageni wameshakaa. Kishikwambi kiwe kimejaa chaji, na betri ya akiba iwe karibu, maana umeme una tabia ya kukatika pale pale zimwi la milimani linapoinua rungu.

Hapa kwenye kishikwambi ndipo nyumba nyingi huharibu mchezo, kwa hiyo nivumilieni nikae kidogo. Programu huficha ramani na kufunua kipande kimoja kimoja kadiri mnavyosonga. Huwaambia kipande kipi kiwekwe wapi. Huamua mbwamwitu yupi amrukie nani, hukumbuka majeraha ya kila adui, na huhifadhi safari yenu hadi mtakapokutana tena. Hizo zote ni kazi za karani, na ifanye zote; hakuna aliyewahi kukumbuka kwa furaha usiku aliohesabu kete za damu. Kazi moja tu isikabidhiwe: kusimulia.

Mnajua inavyokuwa. Kishikwambi kinapewa kijana mmoja kwa sababu "ndiye anayejua simu". Anasoma kimyakimya, midomo ikicheza, kisha anatangaza: "Kuna mzee darajani. Bonyeza hapa uongee naye." Basi. Mwandishi mmoja kule Minnesota alihangaika kumvika mzee yule kanzu iliyochakaa na hofu machoni, na kwetu amefika akiwa kitufe. Msikubali. Kila maandishi yanayotokea yasomwe kwa sauti, na kwa kuwa programu haina Kiswahili, anayesoma amalize aya nzima kwanza, aelewe, kisha aisimulie kwa Kiswahili chake mwenyewe, chenye pumzi na mikono. Asianze mpaka aitikiwe. Akisema "Paukwa!" na meza ikanyamaza, aweke kishikwambi chini asubiri mpaka aisikie "Pakawa!" Ndipo mzee wa darajani aje.

Faida yake inaonekana mara moja. Bibi asiyesoma Kiingereza hata neno anakuwa mchezaji kamili, tena hatari, kwa sababu ndiye atakayekumbuka kwamba yule mzee wa kwanza alisema barabara ya kaskazini si salama, wakati vijana wote waliosoma kwa macho wameshasahau. Kishikwambi kizunguke mezani: kila duru, mkono mwingine. Mwenye sauti ya mahubiri asome za mfalme, mwenye utani asome za Bilbo. Muziki wa programu uachwe uchezwe, lakini chini ya sauti ya mtu.

Kuhusu kadi sitakaa sana, maana kanuni mtazielewa mkicheza mchezo wa kwanza. Ila shikeni hili. Hakuna dadu. Ukitaka kupiga, kuruka au kushawishi, unafunua kadi kutoka kwenye rundo lako mwenyewe, idadi yake ikitegemea uwezo wa shujaa wako, na unatafuta alama ya mafanikio. Kuna alama nyingine ya majaaliwa, inayogeuka kuwa mafanikio ukiilipia kwa kete ya hamasa. Mwisho wa kila duru unachungulia kadi mbili za juu. Moja unaweza kuiweka mbele yako ikupe nguvu yake ya pekee. Inayobaki unairudisha juu au unaizamisha chini. Utamu na uchungu viko hapo: kadi nzuri ukishaiweka mezani haimo tena kwenye rundo, na rundo lako linabaki na mikono mitupu siku ya pigo. Mgeni huweka mezani kila kizuri anachokiona. Mwache afanye hivyo mara moja. Atakapofunua kadi tatu mfululizo zisizo na chochote huku orki akimsubiri, atakuwa ameelewa kuliko ningeweza kumweleza.

Kitu cha pili ni mstari wa tishio kwenye skrini. Unapanda kila duru, na unapanda haraka zaidi kadiri mlivyo wengi na kadiri mlivyoacha vipande vya ramani vilivyofunuliwa bila kukanyagwa. Ukijaa, mmeshindwa. Kwa hiyo yupo ndugu mmoja mnayepaswa kumpenda na kumzuia, yule anayetaka kuchungulia kila kisima, kila kichaka, kila kaburi. Kila shujaa ana vitendo viwili tu kwa duru. Mpangieni kipande chake cha porini akakifunue, na visima vingine vibaki na siri zake.

Yupo wa pili, na huyu ni mzito. Ni binamu aliyejitawaza nahodha. Amesoma kanuni jana usiku, anaona hatua bora ya kila mtu kabla mwenyewe hajaiona, na mkono wake unakuja kwenye kadi zako. "Wewe nenda hapa. Wewe piga. Wewe tulia." Nia yake ni njema, anataka mshinde. Lakini baada ya duru mbili anacheza peke yake na mashujaa watano huku wengine wanne wakiangalia simu, na huo si ushirikiano. Ugonjwa huu ni mkongwe katika michezo ya ushirikiano. Isaac Childres, aliyetunga Gloomhaven ya mwaka 2017, ile yenye sanduku la karibu kilo 10, aliuwekea dawa ndani ya kanuni: wachezaji hawaruhusiwi kutajiana namba kamili za kadi walizochagua. Unaweza kusema "nitapiga mapema", huwezi kutaja namba ya kadi. Journeys in Middle-earth haina kizuizi hicho, kadi zenu ziko wazi mezani, kwa hiyo dawa muitengeneze wenyewe. Semeni kabla ya kuanza kwamba kila mtu ana neno la mwisho juu ya shujaa wake, hata kama neno hilo ni la kipumbavu. Na binamu mpeni Bilbo. Shujaa mdogo humfundisha mtu kuomba msaada.

Mtashindwa. Mstari wa tishio utajaa mkiwa hatua mbili tu kutoka langoni. Msizime kishikwambi kwa hasira wala kukubaliana kimyakimya kurudia mchezo kana kwamba haukutokea. Safari hii imetungwa iendelee hata mkishindwa katika sura fulani. Kijiji mlichoshindwa kukifikia kwa wakati kinabaki kimeumia, na hadithi inasonga na jeraha lake. Mimi naona huu ndio ufundi mkubwa kuliko sanamu zote 31 za plastiki zilizomo sandukuni. Kundi linalorudia kila sura mpaka lishinde litapata ushindi mwingi na hadithi nyembamba.

Kuhusu kufunga usiku: programu itahifadhi safari yenyewe, ila kadi za mezani haiwezi kuwakusanyia. Kila mtu aweke rundo lake kwenye mfuko wake, jina la shujaa juu, vinginevyo kikao kijacho saa ya kwanza itaishia kutafuta kadi ya udhaifu ya Legolas chini ya kochi. Pangeni tarehe nyingine kabla hamjaagana, maana "tutapanga" ndilo neno lililoua safari nyingi kuliko maorki.

Na mmoja wenu akihama, akipata kazi Dodoma au Maskati, shujaa wake asifukuzwe, kwa sababu kikosi kilichoanza safari ndicho kinachotakiwa kuimaliza. Mtu mwingine amshike pamoja na wake, kanuni zinaruhusu. Ila ikifika vita kubwa, mpigieni simu aliyehama, mwekeni spika katikati ya ramani, msimulizi amwambie tangu mwanzo kilichotokea, kisha aulizwe yeye mwenyewe kama Elena apigane au akimbie.