Kadi Mpya, Namba ya Zamani

Maktaba ya shule yetu hapa Tanga inategemea kompyuta inayoenea mfukoni mwa shati. Ni Raspberry Pi, ile bodi ndogo iliyoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012. Yetu haina diski. Kila inachokijua kimo kwenye kadi ya memori ndogo kuliko ukucha wa dole gumba. Wanafunzi huitumia kusomea Wikipedia bila bando. Kadi ilipoanza kuchoka, mkutubi akaagiza inakiliwe kwenye mpya.

Kadi mpya iliandikwa GB 32, kama ya zamani. Lakini 32 ya kiwanda hiki si lazima ilingane na 32 ya kiwanda kile. Hii ilipunguka kidogo, na kazi ya kunakili ikagoma ilipokaribia kwisha, watu wakiwa wameshaanza kushukuru. Basi nikatengeneza partisheni mpya zinazoenea, nikahamisha mafaili yote. Yalifika salama. Kompyuta ikagoma kuamka.

Taa nyekundu iliwaka, maana yake umeme upo. Msemaji ni ile ya kijani: ikikonyeza mara 4, faili la start.elf halionekani, mara 7, kerneli haipo. Mwalimu wa hesabu akavuta kiti ahesabu. Akapata 5, akarudia akapata 9, akatangaza kwamba bodi ni mwongo. Mkutubi, ambaye kwake sote ni watoto, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, ile ya zamani si ilikuwa inafanya kazi?"

Tulipounganisha skrini, mambo yakawa wazi. Kila partisheni ina utambulisho wake, PARTUUID: herufi na tarakimu nane, kistari, kisha 01 au 02. Nilipotengeneza partisheni mpya, namba zilibadilika, ila faili la cmdline.txt liliendelea kuitaja ya zamani, kama barua inayotumwa S.L.P. ya mtu aliyekwisha kuhama. Na kwa kuwa ndani ya faili hilo mna neno rootwait, kompyuta ilikuwa tayari kusubiri mpaka umeme ukatike.

Nikasahihisha namba, kwa uangalifu, maana yaliyomo yote lazima yakae kwenye mstari mmoja. Maandishi yakaanza kushuka kwenye skrini, makofi yakapigwa. Kisha mashine ikasema inaingoja partisheni nyingine, ikahesabu dakika moja na nusu nzima, ikaingia hali ya dharura. Sasa sikiliza ucheshi wa waliotunga mfumo huu. Hali ya dharura ipo ili msimamizi mkuu aingie atengeneze. Lakini akaunti ya msimamizi mkuu imefungwa, kwa hiyo haingii mtu. Bonyeza Enter uendelee, ikasema. Nikabonyeza. Ikanirudisha palepale.

Mkutubi alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe hata mashine zina maofisi!"

Namba ya zamani ilikuwa imejificha pia ndani ya /etc/fstab. Nikachomoa kadi, nikaifungua kwenye laptopu yenye Linux, nikarekebisha, na safari hii maktaba ikafunguka.

Nawe ukinakili kadi kwa kutengeneza partisheni upya, tumia amri ya blkid kupata namba mpya, uziandike kwenye mafaili yote mawili kabla hujaita watu waje kutazama. Na kadi ya zamani usiifute kwanza.