Barua ya Wazi kwa Kamati ya Ununuzi ya Hosteli

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Ununuzi,
Hosteli yetu, Dar es Salaam.

YAH: MASHINE ZA KUFULIA ZENYE MLANGO WA MBELE

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, hongereni kwa mchakato. Tangu mtangaze kwamba tutapata mashine za kufulia, imeundwa kamati ndogo, kamati ndogo imezaa kikosi kazi, na kikosi kazi kimeomba posho ya kwenda Kariakoo kuziangalia dukani, mwendo wa daladala moja. Sisi huku tunaendelea kugombania karo la uani na mabeseni yetu, ila kwa moyo mkunjufu. Maendeleo hayataki papara.

Tumesikia kwamba mlango wa mbele umeushinda mlango wa juu. Naunga mkono hoja. Mashine hizi hutumia maji kidogo, kama lita 50 kwa mzigo, wakati zile za juu za mtindo wa zamani, zenye mhimili katikati, huvuka lita 100 bila aibu. Nyingi hukamua kwa mizunguko 1,000 hadi 1,400 kwa dakika, jinzi inatoka imebaki kuonjeshwa jua tu. Kwa hosteli ambayo maji yake yana ratiba na kamba za kuanikia ni za kuviziana, hapo hamkukosea.

Kilichonivutia zaidi ni uamuzi wa kuziweka ghorofa ya juu kabisa, chini ya tangi la paani, "ili maji yawe karibu". Hapa nimeuona mkono wa mtaalamu. Vitabu vingi vya mashine hizi huomba presha ya walau baa 0.5, kwa maji yanayoshuka yenyewe, hiyo ni kama tangi likae mita 5 juu ya bomba la mashine. Tangi letu limekaa kwenye fremu ya chuma inayomfika mtu mzima kiunoni. Hata ukiongeza kimo cha dari, hesabu inagoma. Mashine itasubiri maji, itachoka kusubiri, itapiga mlio na kuandika kosa, na fundi ataitwa kuja kuitengeneza mashine nzima. Kule chini, kwenye stoo mlikorundika viti vibovu, presha ingetosha na kubaki, na mtikisiko wa kukamua ungeishia ardhini badala ya kwenye dari la wakazi wa ghorofa ya tatu. Lakini naelewa: viti navyo vina haki ya makazi.

Kuhusu sabuni, tangazo lenu linasema kila mkazi aje na yake. Kila mkazi anayo: unga wa kufulia kwa mikono, uliotengenezwa utoe povu la kujaza beseni. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele povu hilo ni balaa. Nguo zinaelea badala ya kugongwa, mashine inasuuza tena na tena, na zile lita mlizojivunia kwenye mukhtasari wa kikao zinaondoka na povu. Mzunguko wa nguo za pamba, ambao hata bila vituko huweza kumaliza saa mbili, unarefuka. Na foleni ya Jumamosi mnaijua. Soksi iliyosahaulika nje ibaki nje, kwa sababu mlango ukishajifunga hausikii kilio cha mtu.

Halafu kuna mpira wa mlangoni. Siku mkifika Kariakoo, mwombeni muuzaji awaonyeshe mashine iliyokwishatumika, muukunjue mpira ule kwa kidole. Chini ya mkunjo mtakuta maji yaliyolala, nywele, pini, sarafu ya shilingi mia, na ute wa kijivu usio na jina. Dawa yake ni kuufuta na kuacha mlango wazi hadi pakauke. Rasimu ya kanuni zenu, kifungu cha kwanza, inaagiza milango ifungwe muda wote "kwa sababu za kiusalama". Ukungu unatoa shukrani.

Nani ataufuta? Nani atafungua chujio la pampu pale chini na kutoa vifungo? Sijaona jina la mtu popote. Nimeona bei tu, na ni za mashine za nyumbani za kilo 7, ambazo waranti zake mara nyingi hufa siku zinapoingizwa mahali pa kufulia watu wengi.

Najua mtashawishika kufanya ziara ya mafunzo Sweden, ambako majengo mengi ya wapangaji yana chumba cha kufulia cha pamoja. Niwaokolee nauli. Kuna ubao wa zamu, kila mpangaji na kifuli chake kidogo cha kushikia saa yake, na ukimaliza unasafisha ndipo utoke. Ubao unapatikana kwa fundi seremala yeyote.

Naomba basi, kabla ya mashine, mtuhamishie viti.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi, ghorofa ya tatu.

Nakala: Dobi wa getini. Asiwe na wasiwasi kwa sasa.