Kanzu Iliyokwenda Kukoga Mwaka

Maadamu mke wangu ni mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, nami ni mtu wa mjini niliyezoea kuzitazama sherehe kutoka kivulini, niliona ni wajibu wangu, siku tuliyowachukua watoto kwenda Mwaka Kogwa, kuvaa kanzu mpya nyeupe yenye darizi shingoni, kushika bakora, na njia nzima kuwafundisha wanangu asili ya jambo wanalokwenda kulishuhudia. Ndani ya gari lililosheheni watu, kuku na mikungu ya ndizi niliwaeleza kwamba Mwaka huu asili yake ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi; kwamba wakulima na mabaharia wa pwani waliuhesabu kwa miongo, kila mwongo siku 10, hata zikatimia siku 365; na kwamba kukoga mwaka ni kuondoa taka za ule uliopita. Mwanangu mdogo, aliyepakata sufuria ya mkate wa kumimina, aliuliza swali moja tu: kama ni kukoga, sabuni iko wapi?

Tulipofika, wanaume wa kusini na wa kaskazini walikuwa wamekwisha kukamata magomba mabichi, yale yanayolia mgongoni kwa kishindo kikubwa kuliko maumivu yake, ili chuki za mwaka mzima zichapwe pale pale zikaishe. Wanawake walizunguka uwanja kwa nyimbo za mafumbo, na mke wangu, ambaye nyumbani hunena kwa upole uliokithiri, nilimsikia akiongoza ubeti ambao adabu hainiruhusu kuuandika.

Nilisimama pembeni kwa taadhima. Ndipo kijana mmoja, shuka imemfunguka, alipokuja mbio akaniambia, "Mjomba, nishikie mara moja," akanitia gomba mkononi, akainama kujifunga. Basi mtu aliyeshika gomba katika uwanja ule hana lugha ya kueleza kwamba amelishika amana. Nilikuwa ningali nayatafuta maneno, mkono huu bakora na mkono huu gomba, mithili ya shujaa asiyetosheka na silaha moja, shemeji yangu aliponitokea. Na shemeji huyu, sina budi kukiri, alinikopesha tangu Ramadhani fedha za kuezekea jiko, na kila aliponiuliza nilimjibu kwa methali.

"Shemeji!" alisema, uso umemkunjuka kwa furaha. "Kumbe na wewe umo!"

La kwanza lilinipata begani, la pili mgongoni, na la tatu, ijapokuwa jambo hilo ni haramu, nadhani lilikuwa riba. Nilirudisha moja kwa ajili ya heshima. Likampata mzee aliyekuwa akijipitia na birika lake la kahawa. Nikawageukia wanangu nipate nusura, nikawaona wamepanda ukutani, wanapiga makofi na kupaza sauti, "Mpige, mjomba! Mpige!"

Kibanda cha makuti, ambacho mtu huingia ndani kikatiwa moto kisha akachopoka salama, nilikitazama kwa jicho moja.

Jioni mkwe wangu alitupokea kwa bashasha, maana siku ya Mwaka nyumba isiyo na mgeni haina raha. Shemeji aliketi ubavuni pangu, akanichambulia minofu ya samaki kwa mkono wake, na nilipolitaja deni kwa sauti ya chini aliniuliza, kwa roho safi kabisa, deni gani? Nilikula nimeegemea upande mmoja.

Kanzu ilibaki. Utomvu wa mgomba ukiwa mbichi ni kama maji, na ukikauka hugeuka kahawia isiyosikia dawa. Mke wangu aliifua mara tatu: kwa sabuni, kwa ndimu, na mara ya tatu kwa maneno. Ilipoanikwa, mwanangu mdogo alisimama chini ya kamba, akaihesabu michirizi mitatu iliyokatiza mgongoni, akamgeukia mama yake.

"Si nilisema mimi? Kule hawakuwa na sabuni."