Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya: Tupeni Gari la Soda

Wizara ya Afya,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUKABIDHI AFYA YA WATOTO WA KANDA YA ZIWA KWA GARI LA SODA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wa Mwanza hatujambo, ukiacha meno ya watoto. Tumeona tuanze na pongezi, ndivyo tulivyolelewa. Soda imefika kila mahali. Panda meli hadi Nansio, vukia Bugolora uingie kisiwa cha Ukara, tembea mpaka duka la mwisho la bati. Utaikuta, tena ya baridi, maana duka lisilo na umeme lina sola, na kazi ya kwanza ya sola ile ni friji.

Watoto msiwalaumu. Wameambiwa wasioge ziwani, kuna kichocho. Wameambiwa wasinywe maji ya ziwa bila kuchemshwa, kuna kipindupindu. Wamesikia. Wakienda kwenye bomba la shule wanakuta koki imeng'olewa, na genge la getini linauza chupa mbili, ya maji na ya soda, zote kwa jero. Mpe mtoto wa darasa la pili jero yake achague mwenyewe. Nani ataiacha yenye rangi na mapovu akachukue isiyo na lolote?

Chupa ya mililita 300 hubeba gramu 30 hivi za sukari, yaani vijiko saba au vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa chini ya 5 ni heri zaidi. Kwa huyo wa darasa la pili, chupa moja inakaribia kumaliza kiwango chote, na chai ya jioni bado.

Haya wataalamu wenu wanayajua. Niliwahi kualikwa kwenye semina ya lishe ya watoto, ikaelezwa vizuri sana, kwa picha za meno yaliyooza. Mbele ya kila mshiriki palikuwa na soda iliyovishwa tishu shingoni, mrija tayari. Kwa mgeni rasmi zilikuwa mbili. Ulipofika wakati wa picha ya pamoja tukaombwa tuzishushe chini ya meza.

Sasa ombi lenyewe, na msidhani tunatania. Mwaka 2010 Bohari ya Dawa, mtoto wenu wa kumzaa, iliingia kwenye mradi na Coca-Cola pamoja na Mfuko wa Dunia unaopambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ili ijifunze kwa wauza soda namna ya kufikisha dawa kwenye zahanati za mbali. Hoja haikuwa na kasoro: kama kreti inafika, kidonge kinashindwa nini? Basi malizieni somo. Gari linaloshusha kreti asubuhi lirudi jioni na vipimo vya kisukari, na miaka ikisogea lilete insulini. Mteja na mgonjwa ni yule yule, nyumba ni ile ile, dereva ameshaizoea njia. Mtaokoa mafuta ya safari nzima.

Wenzetu wamekosa subira. Mexico, Januari 2014, ilianza kutoza peso moja kwa lita ya kinywaji chenye sukari, na mwaka 2020 jimbo lake la Oaxaca likakataza kuwauzia watoto. Afrika Kusini, mwaka 2018, ilileta ushuru unaohesabu gramu za sukari. Viwanda vikaipunguza chupani. Sisi ushuru wa bidhaa tunautoza kwa lita, kwa hiyo soda yenye kijiko kimoja na yenye vinane zinalipa sawa. Najua hilo ni la wenzenu wa Fedha. Lakini mnakaa mji mmoja. Pitieni kwao siku moja, wala hapahitajiki hela ya soda.

Mkiona ombi la gari ni zito, tunalo jepesi. Kila shule ya msingi ya mwambao huu ipate bomba lenye koki na maji yaliyotibiwa, na darasani ndoo yenye mfuniko mpaka bomba lifike. Genge la getini liuze uji, maembe na ndizi. Na vile vibao vya shule vyenye jina la soda kwa herufi kubwa, la shule likiwa dogo chini yake, vishushwe. Fundi wa kuandika vipya tunaye, tunaomba rangi tu.

Tunaomba jibu kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mzazi wa Igogo, Mwanza