Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania

Yah: Ombi la kurejeshewa 068

Mamlaka inaheshimika kwa kazi ya kugawa namba tangu ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na barua hii haikusudii kuipunguzia heshima hiyo, bali kuitwisha kosa lililotendeka kabla haijazaliwa, kama ilivyo desturi ya barua za wazi.

Hadi miaka ya 1990, aliyempigia mtu wa Mwanza kutoka mkoa mwingine alianza na 068, yaani msimbo wa eneo, tarakimu zinazotangulia namba ya simu ya mezani ili mitambo ijue mji unaotafutwa. Ikaja 028, na chini yake wakakusanywa Mwanza, Bukoba, Musoma na Shinyanga, hata Wahaya na Wasukuma wakajikuta ukoo mmoja bila posa kupelekwa. Hilo lilivumilika. Lisilovumilika ni simu ya mkononi, ambayo tarakimu zake za mwanzo hutaja kampuni badala ya mji, na tangu Machi 2017, mteja aliporuhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba, hata kampuni haitajwi kwa uhakika.

Hasara inaonekana zaidi katika biashara ya dagaa. Simu ya mezani ilifungwa kwa waya, kwa hiyo mdaiwa aliyeipokea hakuweza kukana kwamba yumo dukani. Leo mnunuzi aliyesimama sokoni Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, huambiwa kwamba mzigo umekwisha kuingia mjini, ilhali msemaji yuko Nansio, Ukerewe, hajaondoka kitandani, na maji yote ya katikati yanamngoja. Ndiyo maana "Uko wapi?" imeshika nafasi ya "Hujambo?"; swali hilo la kwanza zamani lingemfedhehesha mwulizaji, kwa kuwa ndiye aliyechagua mahali pa kupigia.

Mamlaka itajitetea kwa usajili wa laini kwa alama za vidole. Utetezi huo haufiki mbali: kidole humtambulisha mwongo, hakisemi amelala kisiwa gani.

Kwa hiyo, pamoja na kurejeshewa 068, inaombwa kwamba kila simu ya mkononi ifungwe waya usiozidi umbali wa Kirumba hadi Igoma. Wavuvi wa karabai, ambao kazi huwapeleka mbali usiku, waongezewe, mradi usifike Kisumu.

Nakala: Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), linalodhaniwa kuwa na waya wa kutosha ghalani.