Waganga wa Kibodi

Ukitoka Ukambani, mzaha wa kwanza utakaopigwa ukifika Nairobi ni wa uganga. Hujamaliza kutaja jina la pili, mtu ameshakuuliza kibuyu umekiacha wapi, na kama unaweza kumshughulikia mwizi wa simu yake asipate usingizi mpaka airudishe. Sisi wa Machakos tumezoea. Tunacheka, tunasema waganga wenyewe wako Kitui, tunaendelea na safari. Watu wa Kitui nao wana pao pa kuwaelekeza.

Lakini waganga ninaowajua mimi hawana vibuyu. Ni vijana wenye shahada, tunaandika programu za kompyuta pamoja katika chumba cha kupanga juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hapa hapa Machakos mjini. Mteja akituuliza, tunamwambia kazi yetu ni mantiki tupu: kompyuta hufanya ulichoiambia, haina kinyongo wala jicho baya. Mteja akishashuka ngazi tunafunga mlango, na kila mtu anarudi kwa mizimu yake.

Mchukue yule wa meza ya dirishani. Ana kifaru wa mti aliyechongwa Wamunyu, kijiji kilichotajirika kwa uchongaji tangu Mutisya Munge aliporudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa ameuokota ufundi huo kwa wachongaji wa huko. Vifaru wengi wa Wamunyu huishia katika sebule za watalii. Huyu aliuzwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa alikuwa amekatika sikio moja, na kazi aliyopewa kwetu ni kusikiliza.

Msimbo ukimgomea, mwenzangu humvuta kifaru mbele ya kioo na kuanza kumweleza, mstari kwa mstari, kwa Kikamba chenye adabu zote. "Sasa, mzee, hapa nachukua akiba ya mwanachama. Hapa naondoa mkopo. Hapa chini naweka riba, halafu naondoa..." Ananyamaza. Anashika kichwa. "Aiii! Kumbe mkopo nimeuondoa mara mbili." Kifaru hajafungua mdomo.

Tiba hii inajulikana duniani kote. Andrew Hunt na David Thomas waliitaja katika kitabu chao The Pragmatic Programmer cha mwaka 1999, ila mgonjwa wao alikuwa akizungumza na bata wa mpira, yule wa watoto kuchezea bafuni. Siri yake ni kwamba jicho likisoma kitu ulichokiandika mwenyewe huruka, linaona ulichotaka kuandika na si ulichoandika. Ulimi hauwezi kuruka. Ukilazimika kumweleza mtu asiyejua lolote, unapita kila hatua kwa mguu, na pale penye shimo unatumbukia. Bata tu ndiye hatufai. Mtu anayeogea karai, kwa maji aliyoyanunua kwa mtungi, ukimletea bata wa bafuni ataona umemtukana.

Tatizo ni kwamba mama mwenye nyumba hajasoma Hunt na Thomas. Alipanda mwisho wa mwezi kudai kodi, akasimama mlangoni akimsikiliza kijana mzima, mwenye ndevu, akimwomba kifaru radhi kwa kumchosha. Akashuka polepole bila kugusia kodi. Jioni alirudi na uji kwenye chupa ya chai, akanivuta kando.

"Kwao wanajua?"

"Wanajua nini, mama?"

"Hali yake."

Nilimwambia wanajua. Uji ulikuwa mzuri, na kodi ya mwezi huo ilidaiwa kwa upole ambao hatujauona tena.

Mimi mwenyewe sina kifaru. Mimi niko katika madhehebu ya wasiogusa. Ukitoka mjini kidogo utafika Kituluni, kule ambako maji yakimwagwa barabarani huonekana yakipanda mlima badala ya kushuka, na gari lililowekwa gia huru linaonekana kujikokota lenyewe kuelekea juu. Wenye sayansi wanaeleza kwamba macho ndiyo yanayodanganywa na jinsi miteremko ya pale inavyopishana, na barabara kwa kweli inashuka. Sawa. Wageni husikiliza maelezo hayo mpaka mwisho, kisha wanamwaga maji tena.

Tuna mstari wa Kituluni katika programu yetu moja ya chama cha akiba na mikopo. Uliandikwa na mtu aliyekwisha kuhamia Nairobi, na unachosema ni kwamba kompyuta ingoje sekunde mbili kabla ya kusoma salio. Ingoje nini? Hakuna ajuaye. Ukiufuta, hesabu zinaharibika, ukiurudisha, zinanyooka. Juu yake mwenyewe aliacha ujumbe: "Usiguse. Nimemuuliza Mungu, amenyamaza." Kijana mmoja wa mafunzo kazini, mwenye bidii ya chuo bado mwilini, alisema anataka kuusafisha. Tulimrukia kama wazee waliomkuta mtu ameingia na shoka kwenye ithembo, mahali patakatifu pa matambiko. Sasa hivi naye anawafundisha wanaokuja nyuma yake kutougusa, na anawafundisha kwa ukali kuliko sisi.

Kisha kuna ugonjwa wa kuhifadhi. Mwenzetu mmoja huandika neno na kubofya kuhifadhi, tena si mara moja, ni tatu, tap tap tap, hata katika programu inayojihifadhi yenyewe. Ukimpa karatasi na kalamu, kidole chake cha kushoto kinahangaika mezani kikitafuta kitufe. Nisingemcheka hata kidogo, kwa sababu najua chanzo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kule Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ikazidiwa nayo ikajizima, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ya Kenya ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alitoka hai, akachukuliwa na watu wa wanyamapori, akatunzwa. Kazi ya mwenzetu ya siku nzima haikutoka hai wala haikutunzwa na mtu. Wengine huhifadhi kwa kuogopa umeme kupotea. Yeye anaogopa tumbili. Akimwona hata kwenye runinga, mkono unakwenda wenyewe.

Chai sitaisema sana, maana kila ofisi ina yake. Yetu huagizwa ikiwa moto, husifiwa harufu, kisha husahauliwa mpaka ikaota ngozi. Mama wa kibanda cha chini, baada ya kurudishiwa vikombe vilivyojaa kwa muda mrefu, alianza kuleta nusu kikombe na kutoza bei ile ile. Aliyegundua kwanza alisema ni haki.

Muziki nao ni mwiko wa aina yake. Hedifoni zipo, lakini siku ya kazi ngumu huwekwa wimbo mmoja wa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, mmoja tu, ukazunguka tangu asubuhi mpaka jua litue. Kakai alifariki mwaka 1987, na mpaka leo sijui mtu anayefanya saa nyingi kuliko yeye katika ofisi ile. Kuuzima wimbo wakati programu inapandishwa kwenye seva hakuruhusiwi. Mtu aliuzima siku moja ili apokee simu ya mamake. Programu ilianguka. Nguo zake hazikutupwa nje, lakini jambo hilo lilijadiliwa.

Na kuhusu wakati, naona aibu kidogo, kwa kuwa eneo hili lina sifa ya utabiri. Syokimau, yule nabii wa kike wa Wakamba, inasimuliwa kuwa aliona nyoka mrefu wa chuma akipita katika nchi hii kabla reli haijawekwa hata msumari mmoja. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 2012 ikafunguliwa stesheni yenye jina lake. Sisi, wenye vioo viwili kila mmoja, hatuwezi kutabiri Jumatano. Mteja akiuliza kazi itaisha lini, jibu ni "dakika tano" kama amesimama mlangoni, na "wiki hii" kama amepiga simu. Hatudanganyi. Mtu huwa anaamini kabisa, na uso wake unang'aa kwa imani. Mteja mwenye uzoefu huzidisha mara tatu, kisha anaongeza Pasaka. Shangazi yangu, ambaye tangu Rais Kibaki azindue ujenzi wa jiji la teknolojia la Konza mwezi Januari 2013 anaamini kila mwenye kompyuta ameajiriwa huko, huniuliza kila Krismasi kama jiji letu limekwisha. Humjibu kwamba bado dakika tano.

Mwiko ambao hata Syokimau angeuheshimu ni wa Ijumaa. Ijumaa haipandishwi kitu kipya kwa mteja. Ukipandisha Ijumaa kitavunjika Jumamosi, na Jumamosi ya Ukambani si siku ya mtu kukaa na kompyuta: ni matanga, ni harusi, ni ntheo, ile siku ya kupeleka mbuzi wa kwanza wa mahari. Mteja mmoja alishikilia kwamba mpaka iwe Ijumaa, na yule wetu wa dirishani, kwa kuwa kifaru hakupinga, akakubali. Kesho yake tulikuwa kwenye ntheo ya binamu yake, huko ndani baada ya Masii, ambako mtandao wa simu hupatikana kwa kupanda juu. Simu ikaanza. Wazee walikuwa wamefika pale patamu pa mazungumzo, mbuzi watatu wamefungwa kwenye mwembe, na juu ya mwembe huo huo, katikati ya matawi, yumo kijana mwenye suti na laptopu akisema, "Bonyeza ya kijani. Ya kijani, mama. Nyingine ya kijani."

Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akauliza huyo naye ni nani.

"Ni mtu wa kompyuta."

"Basi mwacheni," akasema mzee, kwa huruma.

Kilichovunjika ndicho kilichoharibu zaidi. Kila mwandishi wa programu ana neno lake la kujaribia, la kujaza mahali ambapo baadaye litakaa jina la mtu au kiasi cha pesa. Wengine huandika herufi ovyo, wengine jina la timu yao. Wetu huandika MBUZI. Na katika ile haraka ya Ijumaa, ujumbe wa majaribio ulipewa orodha halisi ya simu za wanachama. Wakati tunakula pilau ya ntheo, wanachama wa chama cha watu, wenye heshima zao, walikuwa wakisoma: "Habari MBUZI. Umepokea MBUZI 3. Fika ofisini na kitambulisho."

Jumatatu asubuhi walifika. Waliokuja kulalamika kwamba wameitwa mbuzi hawakuwa wengi, na walitulizwa kwa soda. Kazi ilikuwa kwa waliofuata mbuzi. Mama mmoja alikuja na mwanawe wa kumsaidia kuswaga. Mzee mmoja alikuwa na kitambulisho mkono huu na kamba mkono huu, na hakutaka kuketi.

"Mzee, yale yalikuwa majaribio tu."

"Majaribio ya nini? Mimi niliweka pesa. Nyinyi mmeona mbuzi ni bora, sijakataa. Nipeni mbuzi."

Mwenyekiti wa chama alimwonyesha salio lake kwenye kioo, shilingi zake zote zikiwa salama. Mzee aliliangalia kwa makini, akasema hizo ni zile za zamani, yeye anauliza za Jumamosi. Ilibidi aitwe mjukuu wake anayesoma sekondari, akamweleza kwa zaidi ya saa moja, hatua kwa hatua, naye mzee akisikiliza bila kusema neno, ametulia kuliko kifaru. Mwishoni alikubali kwenda nyumbani. Neno la majaribio tumelibadilisha, sasa ni HEWA. Bado mzee hupiga simu mara moja moja, kwa adabu kabisa, kuuliza kama wale watatu wameshazaa.